Sindano ya Mke wa Mfungwa

Kinyangiri, Mkalama
12 Machi 2023

Mume wangu Philipo,

Nimekaa nyuma ya jiko, kuku wananisumbua lakini watu hawanifikii. Salamu za Mama yako nizitangulize: anasema ule, usali, usibishane na mtu. Za kwangu utazipata humu humu ndani.

Nimekosa namna ya kuanza. Siku tulipoonana uliniambia kupitia wavu kwamba barua hufunguliwa kwanza na askari ndipo zikufikie. Tangu hapo kila nikiandika neno namwona mwanamume mwingine ameshika karatasi hii kabla yako. Basi nitaandika ya shamba.

Alizeti imesimama vizuri. Mvua ilikatika tukadhani tumekwisha, kisha ikarudi kama mtu aliyesahau kitu. Uwele wa bondeni ndege wameuonea sana. Mama anashinda huko anagonga debe bovu na kuwatukana ndege kwa majina ya watu wanaomsengenya kijijini.

Uliniuliza kuhusu watu wa yule mzee wa baiskeli aliyefariki kwenye ajali yako. Tulikwenda na Mama kuwapa pole mara ya pili. Hawakututukana. Binti yake alituletea maji ya kunywa, nikayanywa kwa shida kuliko kama wangetufukuza. Mahakama ilisema mwendo kasi, wewe unasema breki za lori. Wao hawakusema lolote kati ya hayo. Walisema tu kwamba siku ile mzee alitoka kununua dawa ya mifugo.

Mimi sijambo. Wiki iliyopita nililala kidogo, malaria tu, imepita.

Watu wa kanisani wanakuombea. Baadhi wanatamka jina lako kwa sauti, wengine wanasema "wale walio mbali". Mimi nakutaja kwa jina.

Mkeo,
Yunisi


Gerezani
9 Aprili 2023

Mke wangu Yunisi,

Bahasha yako ilinifikia imefunguliwa na kugandishwa tena kwa ugali. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Leo ni Pasaka, tumekula wali, kwa hiyo usinionee huruma leo, nionee kesho.

Tunalima mashamba ya gereza. Siku ikiwa safi naona kwa mbali ule mwinuko wa Kilimatinde, nakumbuka nilivyokuwa naupandisha na lori limejaa, gia ya pili, mkono nje ya dirisha. Mtu aliyezoea barabara kumjia mbele, hapa kila asubuhi anajiwa na ukuta uleule. Lakini nimepata wenzangu. Andrea, wa Kintinku, kitanda cha jirani, ananifundisha kusuka mikeka. Mikono yangu ya usukani inakataa.

Sasa nikuambie jambo, usikasirike. Mama alipokuja na mzee wa kanisa aliniambia siku za palizi ulilala. Si mara moja. Mwezi wa kwanza ulilala, wa pili ukalala, wa tatu ukalala. Yunisi, malaria gani inayokuja kila mwezi kama mshahara? Najua umevunjika moyo kwa ajili yangu. Lakini Mama ni mzee, usimwachie jembe.

Jingine ni juu ya mtoto. Huku mtu ana nafasi ya kuwaza. Tangu harusi tumesubiri na hakuja. Nimeanza kuamini kwamba Mungu alijua nitaletwa huku, hakutaka azaliwe baba yuko ndani. Nikitoka bado tuna nguvu. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi, kuliko kengele yao.

Mumeo,
Philipo


Kinyangiri
18 Juni 2023

Mume wangu,

Umesema kweli, haikuwa malaria. Ni chango, mambo ya wanawake, na hayo sitayaandika hapa. Jembe sikumwachia Mama kwa kupenda. Zile siku siwezi kusimama wima, ndiyo hivyo tu. Mama mwenyewe amenichemshia mizizi ya kila aina. Nimekunywa mpaka ulimi umesahau ladha ya chumvi.

Alizeti tumevuna. Mashudu tumewawekea ng'ombe.

Nilikwenda Singida mjini kumsalimia Kauthar, yule tuliyesoma naye sekondari, aliyekuja kwenye harusi yetu na ushungi wa bluu. Anakaa Mandewa na mumewe Nasri, wanakamua na kuuza mafuta ya alizeti. Nilikaa kwao siku kadhaa. Mji umebadilika, lakini upepo wake ni uleule, unakurudishia vumbi ulilolitema.

Nikuulize kitu, Philipo. Kauthar na Nasri walikuwa wanabishana juu ya jirani yao, nami nikabaki nalo kichwani. Kama mtu mwenye kujua angekuambia kwamba wewe na mimi hatutapata mtoto, si mwaka huu wala mwaka mwingine, ungefanyaje? Nauliza tu. Usinijibu haraka. Kaa na swali kwanza, kama unavyokaa na hiyo mikeka.

Mama anakusalimu. Amenunua miwani.

Yunisi


Gerezani
30 Julai 2023

Yunisi mke wangu,

Swali lako limenichekesha, na huku kicheko ni adimu, asante. Huyo mwenye kujua ni nani? Nikitoka nitaijaza nyumba watoto mpaka ukimbilie kwenu. Katika ukoo wa Kitundu hajawahi kutokea mwanamume wa kukosa mtoto, tangu babu yetu wa kwanza. Usiniletee mabishano ya watu wa mjini. Waambie Kauthar na Nasri wauze mafuta.

Andrea amefunguliwa. Kitanda cha jirani kiko wazi.

Philipo


Kinyangiri
2 Oktoba 2023

Mwanangu Philipo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu wa kisomo cha watu wazima, sikutaka mtu mwingine ayajue haya. Ukiona herufi zimelala uzivumilie.

Mwanangu mimi sikukuzaa ili nikuletee maneno gerezani. Nimekaa nalo muda mrefu likanishinda. Scholastika wa hapa jirani alimpeleka mjukuu wake zahanati kuchanjwa. Akamkuta mke wako kwenye benchi la uzazi wa mpango. Akadhani amekosea benchi. Akamngoja. Akamwona anaingia, akamwona anatoka anajisugua mkono. Sindano ile ya miezi mitatu.

Sikumwamini Scholastika. Nilimuuliza mke wako tukiwa tunapepeta uwele. Nikasema, "Yunisi, umechoma sindano?" Akasema, "Ndiyo Mama." Nikasema, "Sindano ya kuzuia mimba?" Akasema, "Ndiyo hiyo, lakini siyo kwa sababu hiyo." Nikamwambia haya niambie sababu nyingine. Akainama akaendelea kupepeta.

Philipo wewe uko kifungoni. Mwanamke ambaye mume wake yuko kifungoni anazuia mimba ya nani?

Sasa naelewa kwa nini hamkupata mtoto miaka yote ile. Sasa naelewa zile safari za Mandewa. Nilimchemshia mizizi mimi, mwanamke mzima, nikachimba na mikono hii, kumbe mwenzangu anaziba kule ninakofungua.

Baba yako mdogo Eliya amesema tukae kikao. Lakini mke ni wako. Sema neno moja tumrudishe kwao Gumanga.

Mama yako,
Eliza


Gerezani
29 Oktoba 2023

Yunisi,

Sitaki habari za alizeti. Nijibu jambo moja: sindano ni za nini?

Nilikuwa nakuandikia habari za mtoto, na wewe unasoma huku mkono umevimba sindano. Ukaniuliza lile swali lako la mafumbo. Sasa nimeelewa ulikuwa unanipima.

Jumapili za kuonana usije. Sitatoka kuja kwenye wavu. Mama na wazee wanajua la kufanya.

Philipo Kitundu


Kinyangiri
19 Novemba 2023

Philipo,

Kwanza naongea na afande. Afande unayesoma barua hii kabla ya mume wangu, sikujui, nimekuogopa mwaka mzima. Kwa ajili yako nimeandika habari za kuku na debe bovu. Leo nitaandika habari za mwili wangu. Kama una mke au dada, soma. Kama unaona aibu, ruka ukurasa huu, lakini tafadhali umfikie mwenyewe.

Sasa wewe. Tangu nilipovunja ungo nimekuwa naumwa. Si kama wanawake wengine wanavyoumwa. Shuleni nilikuwa nauma kona ya shuka ili wenzangu walale. Matroni aliniambia utapona ukizaa. Mama yangu mzazi akaniambia hivyohivyo. Nikaolewa na wewe nikiwa na imani kwamba mtoto ndiye dawa. Unakumbuka zile siku ulizokuwa ukirudi safari nikakupa mgongo, nikageukia ukutani? Ulidhani nina hasira. Kukukaribia ilikuwa kama kukalia kisu. Sikuweza kukuambia kwa sababu mke mpya hasemi hivyo kwa mumewe.

Mandewa nilikwenda kwa ajili ya hospitali. Kauthar ndiye aliyenishika mkono. Walinipima kwa picha, kisha wakanipitishia dawa kwenye mirija ya uzazi na kupiga eksirei waone kama inapita. Haikupita. Daktari akaniandikia jina la ugonjwa kwenye kiganja changu, kwa kalamu, kwa sababu nilikataa karatasi: endometriosisi. Nikaliosha kabla ya kupanda gari la kurudi.

Alinieleza hivi. Ule utando unaoota ndani ya mji wa mimba na kutoka kila mwezi, kwangu unaota pia nje yake, kwenye mirija na huko nyuma karibu na utumbo. Mwezi ukifika nao unavuja damu, lakini kule hakuna mlango. Damu inabaki humo humo, inageuka makovu, makovu yanagandisha nyama na nyama. Mrija wa kushoto umeziba, umejaa maji, umevimba. Wa kulia umepinda ukashikamana na utumbo. Mirija ndiyo njia ambayo mbegu na yai hukutania. Njia zetu zimefungwa, Philipo. Zilikuwa zinafungwa taratibu wakati tunachagua majina.

Ugonjwa huu haukuletwa na zinaa. Sikutoa mimba. Niliuliza yote hayo, na daktari alijibu yote.

Sindano ni kuzuia hedhi isije, maana isipokuja vidonda vinatulia. Zahanati yetu haina dawa nyingine ya kufanya hivyo isipokuwa ile ya uzazi wa mpango. Ndiyo maana nilikaa kwenye lile benchi. Nilijua nitaonekana. Nilikaa kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilipita mwezi mzima nimesimama.

Kikao kilifanyika. Baba mdogo Eliya aliniuliza mbele ya wanaume wote, "Sindano ni ya nini?"

Nikasema, "Ni dawa ya ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama mlango.

Ningesema nini? Nikikaa kimya mimi ni mzinzi. Nikisema, mimi ni tasa. Nilichagua kukaa kimya, nikidhani wewe utaniuliza kwa upole nami nitakujibu wewe peke yako. Ukaniuliza kama mwendesha mashtaka.

Sasa nalala jikoni. Chumba chetu kimetiwa kufuli. Zahanati nimekatazwa, kisimani nakwenda na Scholastika nyuma yangu. Kaka yangu Paschal nilimpata kwa simu ya jirani, akasema, "Yunisi, ukirudi kwa miguu yako umekiri. Subiri wakurudishe." Nikiondoka nimekiri, nikikaa nachunguzwa. Na sindano yangu muda wake unakwisha mwezi ujao.

Usinijibu kama hutaki. Lakini usiseme hukuambiwa.

Yunisi


Singida mjini
14 Januari 2024

Mwanangu Philipo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Naandika nikiwa wodini, nimekalia ndoo niliyoigeuza.

Siku ya pili ya Krismasi mke wako alianguka akisonga ugali. Mwiko ulibaki mkononi. Nilidhani anajifanya. Kisha nikaona uso wake, na mwanangu mimi nimezaa na nimezika, uso ule haujifanyi. Tulipata gari la watu wa vitunguu, tukalala naye juu ya magunia mpaka hapa. Walimpasua siku ileile. Mrija wa kushoto ulikuwa umevimba kama utumbo wa mbuzi, tena umejisokota. Wameuondoa. Wa kulia wameubandua kwenye utumbo lakini daktari anasema hautafanya kazi.

Daktari ni binti mdogo. Nilimuuliza nje, tukiwa wawili, "Huu ugonjwa mwanamke anaupata kwa kutembea na wanaume?" Akasema, "Hapana mama. Hata bikira anaupata." Nikauliza na sindano. Akasema yeye ndiye aliyemwagiza achome, na kwamba angeendelea nazo labda asingefika hivi. Zahanati nilimkataza mimi.

Nimekuandikia ulijue hilo kutoka kwangu. Mke wako hana doa. Nilirudi kijijini mara moja, Scholastika nimemwambia hivyo mbele ya kanisa, Eliya nimemwambia. Dume letu jekundu nimeliuza, gharama zimelipwa.

Sasa sikia na la pili. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba huyu hatazaa. Wewe ni mwanangu wa pekee. Baba yako amelala kaburini pale chini ya mti wa mnyaa na hana mjukuu wa kumtaja. Kuna binti wa Mzee Stefano wa Nkungi, mtaratibu, anaimba kwaya. Yunisi hatafukuzwa, atakaa, atakuwa mkubwa wa nyumba, nami nitamtunza. Kanisa litasema. Lakini kanisa halizai.

Fikiria. Ukitoka uwe umeshaamua, yasikukute barabarani.

Mama yako,
Eliza


Gerezani
4 Februari 2024

Yunisi,

Mwezi wa kumi na moja tulihamishiwa kambi ya shamba, barua zikabaki lango kuu. Tuliporudi wiki hii nilipewa mbili kwa pamoja, yako na ya Mama. Nilianza na ya Mama. Laiti ningeanza na yako, angalau ungekuwa umenieleza wewe kwanza.

Yako aliniletea Afande Fabiano mwenyewe, yule anayesoma barua zetu, hakumpa nyampara wa wafungwa agawe kama kawaida. Akasema, "Kitundu, hii isome umekaa." Hakunitazama usoni. Nami nilikaa.

Sijui kuomba radhi kwa maandishi. Nimechana karatasi nyingi. Kila siku humu nalalamika kwamba hakimu hakunisikiliza habari ya breki, kwamba alisikia kelele za watu akafunga faili. Nawachosha wenzangu kwa wimbo huo. Na mimi nilipopata mtu wa kumsikiliza nilifanya vilevile, tena kwa mistari michache. Nilikuambia usije. Ulikuwa unalala jikoni, mimi nikakuambia usije.

Hata zile siku za ukutani nimezikumbuka zote. Nilikuwa nikirudi safari na kanga mpya, nikiona umegeuka nanuna, natoka kwenda kukaa na vijana. Ningeuliza tu.

Mtoto nimemlilia, sitakudanganya. Nimemlilia chooni kwa sababu hakuna pengine. Lakini mke mwingine sitaki. Nimeshamwambia Mama kwa barua. Ninakutaka wewe, na mirija yako au bila mirija.

Punguzo la kifungo likihesabiwa nitatoka mwezi wa nane. Nikifika, nitakukuta nyumbani?

Mumeo, kama bado ni hivyo,
Philipo


Mandewa, Singida
3 Machi 2024

Philipo,

Niko kwa Kauthar. Mshono umefunga, bado unavuta nikicheka, na Nasri ni mtu wa mizaha. Nakaa kwenye kiti nawapimia wateja mafuta. Hedhi haiji kwa sababu ya sindano, na tumbo limetulia. Asubuhi nikiamka nalisikiliza kwanza, kama mtu aliyehamia nyumba yenye nyoka na kuambiwa ameshauawa. Daktari hakunificha: ugonjwa unaweza kurudi. Mtoto kwa njia ya kawaida nisahau. Iko njia ya kukutanishia mbegu na yai nje ya mwili, huko Dar es Salaam, lakini si ya watu wa hali yetu leo. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaomba maji.

Nikuambie habari za Mama. Wodini alinifua nguo zangu zote, zile ambazo hata mimi nilikuwa nazificha. Alininyanyua, akaniosha, akaninywesha uji kijiko kwa kijiko. Na katikati ya vijiko akawa ananisimulia habari za binti wa Nkungi, anavyoimba, anavyojua kupika mlenda. "Atakuwa mdogo wako," alisema, akanipangusa kidevu. Nikameza. Mpaka leo sijui nimshukuru au nimchukie, na nimegundua kwamba naweza kufanya yote mawili kwa siku moja.

Pole yako nimeipokea. Niliisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini barua ya Oktoba nayo bado naijua kwa moyo, siwezi kuifuta kwa kuwa umeandika nyingine nzuri.

Unauliza kama utanikuta nyumbani. Nyumbani kwa nani? Pale Kinyangiri nitakuwa naishi nikingoja mwenzangu aletwe. Gumanga, Paschal anasema sasa niko huru kurudi kwa kuwa nimesafishwa jina, lakini mke wake ameshauliza nitakaa muda gani. Hapa mimi ni mgeni, hata Kauthar akisema sivyo. Wewe ukuta wako unauona, na una mwezi wako wa kutoka. Mimi kila mlango ninaoufungua nakuta chumba kingine kisicho changu.

Umesema hutaki mke mwingine. Nakuamini kwamba leo hutaki. Umelisema ukiwa ndani, ambako hakuna anayekuletea. Lisemee nje. Lisemee umekaa mezani kwa Mama, baba mdogo Eliya yuko kushoto kwako, na yule binti amepiga magoti anakunawisha mikono. Ukishalisema hapo, panda gari, njoo uniulize tena. Sikuahidi jibu. Ninachojua ni kwamba swali kama hilo haliulizwi na mtu aliyefungwa, wala halijibiwi na mtu aliyefungwa.

Tutoke kwanza, wote wawili.

Yunisi


Gerezani
31 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Asante kwa dume uliloliuza. Asante kwa kumfulia Yunisi. Sitasahau kwamba ulimpakia kwenye lile gari la vitunguu na kumshika njia nzima.

Usiende Nkungi tena. Binti wa watu asisubirishwe kwa ajili yangu, aolewe. Najua hukuniuliza ili nikatae, na najua hili litakuumiza kuliko kifungo changu. Baba ningempa mjukuu kama ningekuwa naye. Sinaye, Mama. Sitakuwa naye. Nimeliandika ili mkono wangu ulizoee, kwa sababu nitakuja kulisema mezani kwako, Baba mdogo Eliya akiwepo, na sitaki ulimi unigonge siku hiyo.

Mwezi wa nane nikitoka nitakuja kukusalimu, nitakula kwako, nitalisema, kisha nitapanda gari la Mandewa. Usiniandalie kitanda.

Watu wakikuuliza mtoto wa Philipo yuko wapi, waambie Philipo hana mtoto. Na wakikuuliza kama ana mke, waambie bado hajui. Amekwenda kuuliza.

Mwanao,
Philipo